Ukuta Usiokuwa na Siri

"Ukishamaliza kuwachorea mashine, wachoree na pale unapoficha akiba yako!"

Bi Havijawa alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akionyesha tuta lake la mchicha lililolala kifudifudi kama mlevi wa Jumamosi. "Watu arobaini leo, Mwatum! Arobaini, kila mmoja na miguu yake miwili, na yote imepita kwangu!"

"Mmoja alikuwa na mguu mmoja," alisema Fundi Mwatum bila kuinua uso. Alikuwa amechutama akisugua kutu kwenye mnyororo wa baiskeli. "Yule mzee wa gongo."

"Basi gongo lake limekanyaga mara mbili!"

Mtaa mzima wa Kwabomba ulikuwa umekwisha kutoka na vigoda. Ugomvi wa Mwatum na jirani yake haukosi utamu, na tena redio ya taifa saa hiyo ilikuwa ikisoma hotuba ya Waziri, marudio ya marudio.

"Wenzio wakigundua kitu," Havijawa aliendelea, sasa akiwahutubia wenye vigoda, "hukitia sandukuni, sanduku wakalisukuma uvunguni, na kitandani wakalala wao wenyewe. Huyu kagundua mashine, kaichora ukutani kama tangazo la mng'oa meno! Kila fundi anayo. Utakula nini, shoga? Utakula chokaa?"

"Nitakula nilichokula jana."

"Jana ulikula kwangu!"

Vigoda vikacheka. Mwatum mwenyewe akacheka mpaka mnyororo ukamponyoka.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga, la. Jina lake lina leseni, na kulitaja mara moja kunataka stempu mbili na barua ya utambulisho. Itoshe kusema ni nchi ya mbali, haifanani na yoyote unayoijua, na ukiona inafanana basi macho yako yana hitilafu, hospitali zipo. Huko kila kitu kilikuwa na leseni. Jogoo alikuwa na leseni ya kuwika. Wapo walioapa kwamba hata foleni ya kuombea leseni ilikuwa na leseni yake, ila ilikuwa imekwisha muda.

Katikati ya leseni zote hizo alikaa Mwatum, mjane wa miaka hamsini na ushei, na mashine yake ya kupukuchulia mahindi. Aliiunda kwa baiskeli iliyokufa, pipa la bati na vipande vya nondo, baada ya kuchoka kuona vidole gumba vya wanawake wa Kwabomba vikitoka malengelenge kila msimu. Unakanyaga pedali, ngoma inazunguka, hindi linaingia kwa juu, mashine inakohoa mara mbili, punje zinaanguka huku na gunzi linatokea kule. Kwa sababu ya kule kukohoa watu wakaiita Kikohozi, na jina likashika.

Mchoro wake aliupiga kwa masizi na chokaa kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake, mkubwa kama mlango wa godauni. Katikati ya ukuta palikuwa na dirisha la jiko, na dirisha lilikuwepo kabla ya mashine, kwa hiyo ngoma aliichora kushoto kwa dirisha, pedali kulia, na mnyororo akaupitisha chini yake. Anayetaka kunakili aliruka dirisha, kama vile msomaji anavyoruka doa la chai kwenye gazeti. Chini ya mchoro Mwatum alikuwa ameandika kwa herufi zake za kupinda:

*Tazama. Tengeneza. Uza ukipenda. Ukiboresha, rudi uchore hapa ulichoboresha, na wengine wakione. Usiseme ni yako peke yako.*

Na watu walirudi. Mkulima wa bondeni alirudi akachora faneli ya kumiminia mahindi. Mama mmoja alirudi akachora kigoda cha nyuma kwa mwenye mtoto mgongoni. Yule mzee wa gongo alichora pedali ya mguu mmoja, ikawa nyepesi kuliko ile ya miwili. Ukuta ulikuwa umenenepa kwa akili za watu.

Ama swali la Havijawa la *utakula nini*, jibu lilikuwepo, ila Mwatum hakupenda kulitoa mbele za watu kwa kuwa lilimfanya aonekane mjanja. Mchoro ni rahisi. Kazi iko kwenye meno ya ngoma. Meno huchomwa mpaka yaive kama pilipili kichaa, halafu yakazamishwa kwenye oili chafu. Hilo nalo alikuwa ameliandika ukutani, hakuficha. Lakini kuandikwa ni kimoja na mkono kuzoea ni kingine. Mafundi walijaribu mara tatu, wakaunguza nyusi, wakaja kununua meno kwake. Wengine walikuja kujifunza, akawafundisha Jumamosi kwa ada. Mashine zilizoharibika ziliishia kwake, maana nani aijuaye mashine kuliko aliyeizaa? Na kila aliyoikagua mwenyewe aliigonga muhuri wa jani la mpapai. Kuiga mashine, ruksa. Kuiga muhuri, hapo angekutafuta mpaka kwa wakwe zako. Kwa hiyo kadiri Kikohozi kilivyonakiliwa, ndivyo hodi zilivyozidi mlangoni kwake, na ndivyo mchicha wa jirani ulivyozidi kulala.

*

Siku tatu baada ya ugomvi ule, alibisha hodi kijana mwenye koti lililompwaya na mkoba uliojaa fomu. Alikuwa Afisa Ngwali wa Wizara ya Vitu Vinavyoshikika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunakili?"

"Mimi? Hapana. Mimi ni Serikali."

"Serikali nayo inanakili, haizuiwi. Penseli zipo kwenye kopo."

Ngwali alikohoa kidogo, akatoa fomu. "Tumepata habari kwamba hapa kuna kifaa kisicho na leseni. Si neno, mama, tunajaza tu. Kifungu cha nne kinasema: *Taja siri ya kifaa chako. Usiieleze, maana ni siri.*"

"Sina siri."

"Andika basi kwamba ipo."

"Haipo, mwanangu. Yote iko ukutani."

Afisa alipangusa kipaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa vizuri. "Mama, nielewe. Leseni hulinda siri. Pasipo siri, leseni italinda nini? Na pasipo leseni, kifaa chako kisheria hakipo."

Mwatum aligeuka kutazama uani, ambako mama mmoja alikuwa juu ya Kikohozi akikanyaga huku akiimba. "Hicho kisichokuwepo kimo kwenye gunia la tatu."

"Kinapukuchua kinyume cha sheria."

"Mpe siri, Mwatum!" Havijawa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, kwa kuwa masikio yake hayakuhitaji leseni. "Mwambie ulivyo mchoyo wa chumvi!"

Ngwali aliinua kalamu. "Huo uchoyo umesajiliwa?"

"Tangu tulipohamia hapa!"

Akaandika. Halafu akasimama, akasoma kwa sauti ya ofisi, ile inayotokea puani: Fundi Mwatum alipewa siku saba za kutafuta siri. Akiipata, ataipeleka wizarani katika bahasha iliyofungwa. Asipoipata, ukuta utabomolewa.

Mwatum aliinua macho kutazama paa. "Ukuta huo ndio umeshika paa," alisema taratibu.

"Paa halimo kwenye fomu, mama."

Kanuni za wizara zilimkataza afisa kugusa ukuta usio na leseni, au kumwuliza mwenyewe jambo lolote la kifundi, maana kuuliza ni kukiri kwamba Serikali haijui. Kwa hiyo Ngwali alirudi nyuma hatua kumi, juu ya mchicha, akapiga picha moja ya mbele. Siku hiyo dirisha la jiko lilikuwa wazi, mbao zake mbili zikiwa zimefunguliwa huku na huku, nondo tatu zikionekana. Na kwenye msumari pembeni ulikuwa umetundikwa upawa, ule mwiko wa kifuu cha nazi wa kutekea mchuzi, ukikaushwa na jua.

*

Siku saba zikapita na hakuna aliyekuja. Zikapita nyingine, na nyingine. Mwatum aliacha kulala chali; alilala ubavu, sikio moja likisikiliza ukuta. Baadaye mtaa ulipata habari kwamba wizara ilikuwa na nyundo moja tu ya kubomolea, na leseni ya nyundo ilikuwa imeisha.

Lakini picha haikukaa. Iliondoka kwa Ngwali ikiwa imeandikwa nyuma *Ushahidi wa mashine haramu ya mjane*. Kila meza iliyopita ilipunguza neno moja kwa ajili ya unadhifu, na ilipofika kwa Mheshimiwa Waziri Mwinchande ilikuwa imebaki *Ushahidi*.

"Ushahidi wa nini?" Waziri aliuliza.

Katibu wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na moja kwa sababu ya majibu kama haya. "Wa maono yako, Mheshimiwa."

Waziri aliitazama picha kwa muda. Kweli, akaanza kukumbuka alivyoiona mashine hiyo katika maono. Jumatatu ikatoka amri: iundwe Mashine ya Taifa, elfu nne kwa kuanzia, sawasawa na picha, bila kupungua kitu.

Wahandisi kumi na wawili wa wizara wakakaa kuzunguka picha. Walikuwa wasomi kwelikweli. Tatizo lao ni kwamba mahindi walikuwa wameyajua yakiwa tayari ugali. Kila mmoja aliliona dirisha katikati ya mashine. Kila mmoja alijiuliza kimoyomoyo dirisha ni la nini. Lakini katika wizara ile aulizaye hudhaniwa hajui, na asiyejua hapandi cheo. Mdogo akadhani mkubwa anajua, mkubwa akadhani Waziri anajua, na Waziri ndiye aliyeyaona maono. Basi dirisha likaingia kwenye michoro, likapewa namba ya kipuri, likatengewa zabuni. Mbao mbili, bawaba nne, nondo tatu.

Na upawa pia. Zabuni ya upawa alishinda shemeji yake Waziri, kwa sifa ya kuwa shemeji. Kwenye picha upawa ulionekana una ufa, umeshonwa kwa waya mwekundu. Shemeji alikuwa mwaminifu wa michoro: kila upawa ulitoka kiwandani mzima, ukapelekwa chumba cha pili kupasuliwa, kisha chumba cha tatu kushonwa. Watu sitini wakapata ajira, na redio ikataja jambo hilo kama mafanikio.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa, mbele ya mabalozi, kwaya mbili na wananchi walioletwa kwa malori. Mashine ya Taifa ilifunikwa kitambaa cha kijani. Mwatum alikuwa nyumbani akichonga meno, ila Havijawa alikwenda, kwa kuwa kuliahidiwa soda, na aliyoyasimulia jioni ile mtaa haujayamaliza kuyasimulia mpaka leo.

"Wananchi!" Waziri alianza. "Wapo wanaouliza, Serikali imewafanyia nini? Nami nawajibu: Serikali imewafikiria! Mataifa mengine yana mashine. Je, yana mashine yenye dirisha? Hayana! Mashine zao zimo gizani. Yetu iko wazi! Kupitia dirisha hili taifa litajitazama, na litakapojitazama, litajiona linatazama!"

Kwaya zikaimba. Kitambaa kikavutwa. Mabalozi wakapiga makofi wakitafuta pa kutazama.

Halafu Waziri akapanda pedali, na mkuu wa wahandisi akamimina mahindi. Sasa dirisha, kwa kuwa lilitakiwa liwe katikati, lilikuwa limekatwa kwenye ubavu wa ngoma. Waziri alipokanyaga mara tatu kwa hamasa, mbao mbili zikafunguka zenyewe, puu, na magunzi yakaanza kutoka dirishani moja moja kama nyuki waliochokozwa. La kwanza lilimpata mkuu wa itifaki. La pili liliingia kwenye tarumbeta. La tatu lilimtafuta balozi mmoja alikokuwa amejificha, likampata. Punje hazikuonekana, upawa peke yake ndio ulibaki ukining'inia kwa utulivu, kama mtu asiyehusika.

Jioni redio ikatangaza kwamba Mashine ya Taifa ina nguvu zinazovuka mipaka. Afisa Ngwali alitumwa kuokota magunzi uwanjani, akayaokota mpaka Magharibi.

Sasa mashine elfu nne zilikuwa zimepakiwa, na hakuna aliyezitaka. Wakulima walisema tunacho Kikohozi, ahsante. Waziri akaitisha faili, na ndipo katibu alipomweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna ukuta. Waziri hakuaibika, hakuwa na utamaduni huo. Alikasirika. Kesho yake Mwatum akaletewa hati ya mashtaka: kwamba yeye, kwa makusudi, *ameinakili Mashine ya Taifa kabla haijabuniwa*. Adhabu ilikuwa kubomolewa kwa ukuta na kufutwa kwa masizi yote, na shauri lingesikilizwa Alhamisi na Baraza la Uvumbuzi. Leseni ya nyundo ilikuwa imekwisha kupatikana.

Mwatum alisoma hati mara mbili, akakaa kwenye kizingiti. Havijawa akaja akakaa kando yake bila kushika kiuno.

"Ungeficha," alisema.

"Ningeficha, yule wa bondeni asingeleta faneli."

"Ungekuwa na nyumba."

"Ninayo mpaka Alhamisi." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Havijawa, mimi naweza kwenda kulala kwa mwanangu. Lakini akili zote zile za watu pale ukutani, nitazihamishia wapi? Si zangu. Niliwekwa kuzitunza tu."

Havijawa aliutazama ukuta, toka faneli mpaka pedali. Kisha akasimama. "Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Mtaa utakuwepo. Na wewe usiende mikono mitupu."

*

Baraza la Uvumbuzi lilikutana kwenye ukumbi uliochukua watu mia. Kwabomba ilileta mia mbili na vigoda vyao. Mwenyekiti alikuwa Bi Kazija, mwanasheria mzee mwenye miwani ya kamba, aliyepewa kiti hicho kwa kuwa ilidhaniwa analala. Hakuwa akilala. Alikuwa anasoma, na alichokisoma katika maisha yake ni kitu kimoja tu, sheria za nchi, zote, pamoja na maelezo ya chini.

Mashine ya Taifa iliwekwa mbele kama kielelezo. Waziri alikaa kulia na mawakili watano. Mwatum alikaa kushoto na kikapu.

"Mshtakiwa," alisema wakili mkuu, "hii ni mashine ya nani?"

"Ngoma ni yangu. Pedali ni ya mzee wa gongo, yule pale. Faneli ni ya bondeni."

"Ni ya Serikali! Imebuniwa na Mheshimiwa!"

"Haya," Mwatum alisema. "Basi Mheshimiwa atuambie, dirisha ni la nini?"

Wahandisi kumi na wawili wakainama wote kwa pamoja, kana kwamba wamedondosha kalamu moja.

"Ni la hewa," alisema Waziri.

"Mahindi yanapumua?"

"Ni la hewa ya kitaifa."

"Na upawa?"

Waziri akamtazama wakili wa kwanza, wa kwanza akamtazama wa pili, mpaka wa tano akabaki anatazama ukuta. "Ni wa usalama," Waziri alisema mwishowe. "Mengine siwezi kuyasema hadharani."

Hapo Mwatum akaingiza mkono kikapuni, akatoa upawa wake wa jikoni. Ulikuwa na harufu ya mchuzi wa jana. Akausogeza kwa Mwenyekiti. Bi Kazija akashusha miwani, akautazama ufa, akautazama waya mwekundu. Kisha akaomba upawa wa kielelezo, akauweka kando ya huo. Ufa kwa ufa. Waya kwa waya, mizunguko sita, wa sita ukiwa umelegea.

"Huu uliniangukia siku ya maulidi, Bi Mwenyekiti," alisema Mwatum. "Mzunguko wa sita waya uliniishia."

"Kweli," Havijawa alidakia, "nilikuwepo, na mchuzi ulinimwagikia mimi!"

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alianguka na kigoda chake. Bi Kazija alisubiri kicheko kiishe kama mtu anayesubiri mvua, kisha akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, mlinakili?"

Waziri alikuwa mwanasiasa mkongwe, hakunaswa kirahisi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Tuseme tulitazama," alisema. "Lakini hatukunakili tu. Tuliboresha! Ukutani dirisha ni dirisha. Sisi tulilitia kwenye mashine! Huo ndio ubunifu wetu!"

Mawakili watano wakapiga makofi. Bi Kazija hakupiga. Alikuwa amefungua kitabu.

"Kuna Sheria ya Kalenda," alisema. "Mheshimiwa ataikumbuka, maana aliipeleka bungeni mwenyewe."

Waziri aliikumbuka, na rangi ikaanza kumtoka. Miaka mitatu nyuma wizara ilichapisha kalenda yenye picha ya Waziri katika kila mwezi, na wachuuzi wakainakili kwa bei ya chini. Waziri akaandika chini ya kalenda kwamba atakayeinakili ataitundika sebuleni mwaka mzima, uso ukitazama mlango; kisha akatunga sheria ya kuwabana. Ilikuwa na kifungu kimoja.

"*Anayenakili kitu chochote,*" Bi Kazija alisoma, "*amekubali masharti yote yaliyoandikwa juu ya kitu hicho.* Chochote, Mheshimiwa. Sheria haikusema kalenda." Akafungua jalada, akatoa picha ile ya Ngwali, akaisoma chini kwa kioo cha kukuzia. "*Ukiboresha, rudi uchore hapa ulichoboresha. Usiseme ni yako peke yako.* Umenakili, kwa hiyo umekubali. Umeboresha, kwa kauli yako mwenyewe, kwa hiyo utarudi ukachore."

"Lakini ukuta hauna leseni!" wakili wa tatu alipiga kelele.

"Mwanangu, leseni ni nini?" Bi Kazija alivua miwani. "Ni maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kufanya nini na kitu cha mwenziwe, na kwa sharti gani. Hayo hapo, na yanasomeka kuliko ya kwenu. Wizara imeitafuta leseni ya mashine hii miezi yote hii, kumbe mlikuwa nayo mfukoni, mmeipiga picha. Na kwa Kanuni ya Tisa, kitu hakidaiwi leseni mbili, kama vile kichwa kisivyovishwa kofia mbili. Ukuta haubomolewi. Shtaka limefutwa. Mheshimiwa ana siku saba za kwenda kuchora dirisha lake."

Mwatum hakusikia makofi. Alikuwa anatafuta upawa wake, na haukuonekana vizuri kwa sababu ya machozi.

*

Waziri, kwa wingi wa majukumu, hakwenda. Siku ya saba alimtuma Ngwali, na kopo la rangi ya serikali na barua ya kumruhusu kushika brashi.

Mtaa ulikuwa umekaa tayari, vigoda safu tatu. Ngwali alichora tangu asubuhi, koti amelitundika mtini, dirisha dogo la rangi ya buluu kando ya dirisha la kweli, na upawa wake, na mizunguko sita ya waya.

"Bawaba ya kushoto imepinda!" Havijawa alimwelekeza. "Serikali gani haiwezi kupiga mstari? Na toka kwenye mchicha wangu!"

"Samahani, bibi."

Alipomaliza dirisha, watu walidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisimama akiutazama mchoro wa ngoma, akaangaza huku na huku kama mwizi, kisha akachovya brashi, akaongeza mstari mdogo mdomoni mwa mashine, pale gunzi linapotokea: kibati kilichoinamishwa, mfano wa kofia iliyoshushwa usoni.

Mwatum alisogea. Vikohozi vyote nchini, hata vyenye jani la mpapai, vilikuwa na tabia hiyo moja mbaya ya kurusha gunzi. Hakuna goti la mtaa wa Kwabomba lisilokuwa na alama. Alikuwa amelikunia kichwa jambo hilo misimu minne.

"Hilo nani amekwambia?"

"Hakuna, mama." Ngwali aliona haya, akashusha sauti ili wizara isisikie. "Siku ile uwanjani niliokota magunzi mpaka Magharibi. Nikawa nayatazama yalikoangukia. Yote yanatoka kwa pembe moja. Ukiinamisha bati kiasi cha vidole vinne, yataanguka miguuni." Akapangusa brashi ukingoni mwa kopo. "Mama yangu yuko shamba. Vidole vyake havikunjiki tena. Nilitaka nimtengenezee moja, lakini nikafikiri, gunzi likimpiga…"

Mwatum alipima kile kibati kwa vidole vinne, akapima tena. Akaliona gunzi likitoka, likigonga, likianguka. Akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake.

"Kimo kwenye barua yako, hiki?"

"Hakimo. Nikijulikana, nitaulizwa nilimwuliza nani."

"Basi usiweke jina la wizara. Weka lako."

Ngwali akaandika kwa herufi ndogo, *Ngwali, wa Magunzi*, na vigoda safu tatu vikapiga makofi, ya Havijawa yakitangulia. Akafunika kopo, akalifuata koti lake.

"Unakwenda wapi saa hizi?" Mwatum aliuliza.

"Ofisini, mama. Kujaza fomu ya kurudisha brashi."

"Umekula?"

"Mtumishi wa umma haruhusiwi kula nyumbani kwa mshtakiwa kabla ya siku tisini, isipokuwa kwa kibali cha…"

"Mshtakiwa amekwenda zake tangu Alhamisi," alisema Mwatum, akimpokea brashi mkononi. "Niliyebaki ni mimi, na wali wa nazi, na samaki wa kupaka anayepoa. Havijawa, lete sahani zako, watu ni wengi. Na wewe, mwanangu, maji ya kunawa hayo hapo. Vua viatu, pita ndani, karibu tule."